Jembe Halitibu Sonona

Watangazaji wa mpira wa nchi hii wana mazoea ya kuuita Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam kwa jina la kijiji chetu, Lupaso. Uwanja huo wa viti 60,000 ulifunguliwa mwaka 2007, ukapewa jina la Rais wa Awamu ya Tatu mwaka 2020, mwaka ule ule tulipomzika mwenyewe hapa nyumbani. Kwa hiyo jina la kijiji cha Wilaya ya Masasi leo linavuma redioni kila Simba na Yanga zinapopambana. Sisi wenyeji tunalipokea kwa furaha, na sioni ubaya wake. Lakini linanijia swali lisilo na utani: vijana wa Lupaso yenyewe, na wenzao wa Ndanda, wa Masasi mjini na wa Newala kule juu ya uwanda, wana hali gani ya mwili na ya moyo?

Ndugu msomaji, katika insha hii nimekuja kubishana. Nabishana na kauli moja ambayo nimeisikia barazani, kilabuni, vikaoni na hata kwa watu waliosoma. Husemwa hivi: kijana wa shamba hawezi kuugua sonona, wala hana haja ya mazoezi, kwa kuwa jembe ni mazoezi tosha. Kauli hii ina sura ya hekima, na watu wazima huipokea kwa kutikisa kichwa. Mimi nasema ni uongo, tena ni uongo unaoua.

Kwanza tuelewane maana. Sonona si huzuni ya kawaida. Mtu aliyefiwa huhuzunika, akalia, kisha taratibu akarudi kwenye maisha yake. Mwenye sonona hukaa wiki mbili, mwezi, hata mwaka, moyo wake ukiwa umezimika. Haoni utamu wa chakula, wala wa mazungumzo, wala wa mtoto anayemkimbilia. Usingizi humpaa, au humlemea mchana kutwa. Mwili huuma bila jeraha: kichwa, mgongo, tumbo, kifua. Hujiona si kitu, na wengine hufikia kuona afadhali wasiwepo. Watu wetu wanaijua hali hii vizuri sana, ila wanaiita kwa majina ya nyumbani. Husema fulani "ana mawazo". Husema "roho yake imesinyaa". Lugha isingekuwa na maneno hayo kama ugonjwa wenyewe usingekuwepo.

Hata hivyo wapo wanaoshikilia kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu. Hao napenda kuwakumbusha ni nani aliyewatangulia kusema hivyo. Alikuwa Mzungu. Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari huko Nairobi wakati wa ukoloni, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika, na sababu mojawapo aliyoitoa ni kwamba Mwafrika hana hisia nzito ya kuwajibika binafsi. Kwa maneno mengine, hatuugui moyo kwa sababu hatuna moyo wa kuugua! Leo mzee wa Kimakua au wa Kimakonde anapokaa chini ya mwembe akasema vijana wetu hawawezi kuwa na sonona, anadhani anatetea mila. Kumbe anakariri somo la mkoloni bila kujua mwalimu alikuwa nani.

Somo hilo lilikanushwa zamani. Mwaka 1979 madaktari John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, wakawalinganisha wanavijiji hao na watu wa mtaa mmoja wa London. Waliona nini? Sonona ilikuwa nyingi zaidi kijijini Uganda kuliko London. Watu hao hawakuwa watu wa ofisini. Walikuwa wakulima wa jembe kama sisi.

Sasa tuingie kwenye kiini cha hoja. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitoa hesabu ya nchi 168 kuonyesha ni wapi watu wazima hawaushughulishi mwili vya kutosha. Dunia nzima, mtu mmoja kati ya wanne alikuwa hajishughulishi inavyotakiwa. Nchi zilizokuwa na watu wachache kabisa wa namna hiyo zilikuwa mbili: Uganda na Msumbiji, kila moja kama watu 6 tu katika 100. Msumbiji ni pale ng'ambo ya Ruvuma, kwa ndugu zetu Wamakonde, Wamakua na Wayao. Kama kutoka jasho peke yake kungekuwa kinga ya sonona, basi Uganda na kusini mwa Ruvuma pasingekuwa na mgonjwa hata mmoja wa kuonyesha. Lakini wagonjwa wapo. Mwaka 2003 ilitangazwa kazi ya watafiti waliokwenda katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, wakakuta sonona ya kutosha kuunda vikundi vya tiba katika nusu ya vijiji hivyo. Majembe ya Masaka hayakuwakinga watu wake. Ya Masasi yatatukinga kwa muujiza gani?

Mtu atauliza: mwili ni mwili, jasho ni jasho, kwa nini kukimbia kiwanjani kutibu na kulima kusitibu? Swali ni zuri, na jibu lake liko mbele ya macho yetu.

Anayecheza amechagua kucheza. Ana wenzake, ana kicheko, ana mwisho anaoujua: filimbi ikilia, amekwisha. Akichoka hupumzika, na uchovu wake ni mtamu. Anayelima kwa kulazimika hana hata moja ya hayo. Huinama kutoka alfajiri, na tumbo halijapata kitu. Hawazi mchezo, anawaza deni. Huku kwetu kusini kila mtu anaijua kangomba: kijana ana shida, mtoto anaumwa au ada inadaiwa, anauza korosho zake kwa bei ya kutupa wakati mikorosho ingali na maua. Msimu ukifika anapuliza salfa, anapalilia, anaokota, anabeba magunia, na kila punje anayoiokota ni ya mtu mwingine. Mwili wake unafanya kazi kuliko mwili wa mchezaji wa Ligi Kuu. Lakini kila anapoinama kuokota, anaukumbuka unyonge wake. Hiyo ndiyo mnayoiita mazoezi?

Wala si maneno yangu tu. Mwaka 2017 mtafiti Rhiannon White na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizotenganisha jasho la mapumziko na jasho la kazi. Waliona kwamba anayeushughulisha mwili kwa hiari yake katika muda wake huwa na afya njema ya moyo. Kazi ya nguvu haikuambatana na faida hiyo. Badala yake iliambatana na hali mbaya zaidi. Hata Marekani, nchi ya matajiri, jambo hili linaonekana. Wapo vijana wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati wanaochuma matunda na mboga huko California, na wengine wanaojenga majumba. Miili yao haipumziki. Lakini mwaka 2022 idara ya nchi hiyo inayosimamia udhibiti wa magonjwa ilitangaza kwamba watu wazima wa asili hiyo ndio waliokuwa nyuma kuliko makundi mengine yote yaliyohesabiwa: watu 32 katika kila 100 hawakuwa na zoezi lolote nje ya kazi. Mwokota korosho wa Masasi na mchuma matunda wa California ni ndugu katika jambo hili. Wote wawili huambiwa kwamba hawahitaji kucheza kwa sababu wanatumikishwa.

Nina mpwa wangu, mwana wa dada yangu. Mwaka 2018, msimu ule Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuzisomba, kijana huyu alikuwa na deni la kangomba na malipo yakachelewa. Alikuwa na miaka 23. Kidogo kidogo aliacha kwenda shambani, akaacha kuoga, akawa mtu wa mkekani. Alipelekwa kwenye kituo kimoja cha afya akapimwa malaria mara tatu, mara zote akarudi na vidonge vya kutuliza maumivu. Hakuna aliyemuuliza habari ya moyo wake. Kilipoitishwa kikao cha ukoo, wajomba tulikaa. Mmoja akasema kijana amerogwa. Mwingine akasema ni mvivu, apewe ekari mbili za kupalilia, akitoka jasho atakaa sawa. Kijana akainua uso akasema taratibu, "Mjomba, sikatai kulima. Nikishika jembe naona kama nachimba kaburi langu." Kikao kizima kilinyamaza.

Nilichosema katika kikao kile ndicho ninachokiandika hapa. Ekari mbili hazikuwa dawa; zilikuwa adhabu kwa mgonjwa. Tulimpeleka kwenye hospitali kubwa, akapewa dawa na watu wa kuzungumza naye. Na kulikuwa na rafiki yake mmoja, dereva wa bodaboda, aliyekuwa akija kila jioni, anamwambia tu, "Twende tukawaangalie wanaocheza." Siku za mwanzo alikaa pembeni, shuka begani. Baadaye akawa anafuata mipira iliyotoka nje. Baadaye akasimama golini. Haikuwa miujiza, ilichukua zaidi ya mwaka, na zipo siku zilizorudi nyuma. Lakini yule rafiki alifahamu jambo ambalo wajomba wengi hawalijui.

Jambo hilo wataalamu wamelipima. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichukua watu 156 wenye sonona, wenye miaka 50 na zaidi. Wengine walipewa dawa, wengine mazoezi ya kutembea na kukimbia mara tatu kwa wiki, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 waliofanya mazoezi walikuwa wamepata nafuu sawa na waliomeza dawa. Mtu akisema hao walikuwa watu wazima, si vijana, basi asikie hili: mwaka 2024 zilikusanywa tafiti 218 zenye watu zaidi ya 14,000, vijana kwa wazee, na zikaonyesha nafuu kwa wanaotembea au kukimbia, kwa wanaonyanyua vitu vizito kwa mpango, na kwa wanaocheza dansi. Dansi, ndugu msomaji! Na sisi ndio watu wa sindimba.

Hapa sharti niwageukie pia wale wa upande wa pili, maana nao wana kosa lao. Wapo waliosikia habari za mazoezi wakazifanya fimbo. Kijana akisema moyo wake umekufa, wanamjibu: "Amka ukimbie, utapona." Hayo si mashauri, ni matusi yaliyovaa nguo za afya. Mwenye sonona nzito hawezi kuamka akakimbia, kama vile mwenye mguu uliovunjika hawezi kucheza ngoma. Kutoweza kuanza ndio ugonjwa wenyewe. Huyo hahitaji amri, anahitaji mtu wa kumfuata, amshike mkono, atembee naye hadi kisimani na kurudi, kesho hivyo hivyo. Na akiwa anazungumzia kufa, msisubiri kiwanja wala ngoma. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaojiua kila mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za kifo. Mazoezi ni mshirika wa dawa na wa mazungumzo. Si mbadala wa kumfukuzia mgonjwa.

Aidha, tusidanganyane kwamba vijana wetu wote wangali wanalima. Msimu wa korosho una miezi yake; ukipita, wengi hukaa. Aliyepata pikipiki hukaa juu yake kuanzia asubuhi hadi usiku, amekunja mgongo, anasubiri abiria. Asiyeipata hukaa kijiweni akijaza mikeka ya kubahatisha matokeo ya timu za Uingereza, au hukaa penye uraka na gongo. Mwili unaolala namna hiyo huuvuta moyo chini, na moyo ulioshuka huulaza mwili zaidi. Ndivyo shinikizo la damu na kisukari yanavyopata njia hata vijijini, na anayeugua hayo naye huelemewa na mawazo. Mwili na moyo ni kama watu wawili waliobeba jeneza moja: mmoja akijikwaa, mwenzake huyumba.

Na wasichana je? Kwao kauli ya jembe ni ya kikatili zaidi. Katika uwanda wa Newala wanawake wa vizazi na vizazi wameshuka mabondeni kutafuta maji na kupanda tena mlima na ndoo kichwani. Hakuna aliyewahi kufika juu akasema, "Leo nimefanya mazoezi mazuri." Mvulana akimaliza kazi jioni huenda mpirani, msichana akimaliza kazi ya shamba huanza kazi ya nyumbani. Netiboli aliyoicheza shuleni hukoma siku anapomaliza shule, kana kwamba mwili wake ulikuwa wa kuazimwa. Kisha tunashangaa mama wa miaka 20 anapokaa na mtoto mchanga mapajani akiukodolea macho ukuta.

Wahenga wetu hawakuwa wajinga kiasi hiki. Walilima kuliko sisi, lakini hawakusema jembe linatosha. Jioni palikuwa na ngoma. Baada ya mavuno palikuwa na ngoma za wiki nzima, mapiko na vinyago vikitoka, jando na unyago vikitimizwa, na mtu mwenye huzuni hakuachwa ndani peke yake; alivutwa uwanjani akapewa nafasi katika duara. Hata Askofu Vincent Lucas wa Masasi, Mwingereza aliyeongoza dayosisi hiyo ya Kianglikana kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, aliona kwamba jando haliwezi kufutwa tu. Akaliingiza katika taratibu za Kanisa. Nasi tuliosoma shule za msingi siku za Mwalimu tunaikumbuka mchakamchaka: alfajiri, miguu mitupu, shule nzima inakimbia kwa kuimba. Mchana tulikwenda shamba la shule na majembe. Hakuna mwalimu aliyefuta mchakamchaka kwa hoja kwamba tutalima baadaye. Tulijua kwamba kuimba ukikimbia ni kitu kimoja, na kulima ni kitu kingine.

Basi nadai nini? Nadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, kila serikali ya kijiji ipime kiwanja cha michezo na kukiandika katika mpango wake wa matumizi ya ardhi, kisigawiwe kwa mtu wala kupandwa mikorosho. Kiwanja si anasa. Ni zahanati isiyo na paa.

Pili, kiwanja hicho kiwe na saa za wasichana zinazojulikana na kuheshimiwa, na nyumbani kina kaka wachukue ndoo katika saa hizo. Ndoo haina jinsia.

Tatu, mhudumu wa zahanati anapomwona kijana mwenye kichwa kisichokwisha na malaria isiyoonekana, amuulize maswali mawili: unalalaje, na ni kitu gani bado kinakufurahisha? Maswali hayo hayana gharama. Katika vijiji vile vya Masaka na Rakai waliowaongoza wenzao katika vikundi walikuwa wenyeji waliofundishwa, si madaktari bingwa, na wagonjwa walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakupewa vikundi. Kinachowezekana kwa Waganda kinawezekana kwetu.

Nne, wajomba tutimize wajibu wetu. Sisi ni watu wa ukoo wa mama. Mpwa ni wa mjomba kwa mali na kwa mikosi. Mjomba anayejua idadi ya mikorosho ya mpwa wake lakini hajui mpwa huyo ana usiku ngapi bila usingizi, huyo ni karani wa ghala, si mjomba.

Mtu mzima anahitaji dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Ni nusu saa kwa siku tano. Wako watakaosema kijana maskini hana nusu saa ya kupoteza. Nami nawajibu: tulimpa nani hiyo nusu saa tulipomnyang'anya? Tuliipa kangomba. Tuliipa kijiwe. Tuliupa uvivu wetu wa kufikiri, unaotufanya tumwone kijana aliyepinda mgongo shambani tukadhani ni mzima kwa sababu anatembea. Jembe litaendelea kutulisha, na sina ugomvi nalo. Lakini jembe lina kazi yake, na kazi yake ni udongo. Moyo wa kijana si shamba. Haupaliliwi kwa kumwinamisha.